Meno Ishirini na Mawili

Mguu wangu wa kushoto ulipooza nikiwa mdogo, na tangu hapo kila aliyenipenda alinikataza ngazi. Nyumbani Kilimanjaro mama alinihamishia chumba cha karibu na mlango. Kanisani nilikaa benchi la nyuma ili nisitembee sana. Hata dukani kwetu Kariakoo, kaka yangu alipanga bidhaa zangu rafu ya chini, nisije nikapanda stuli nikaanguka. Basi nilipokwenda kwa Fundi kule Mchafukoge kwa mara ya kwanza, nikamwamkia na kumweleza shida yangu, yule mzee akautazama mguu, akanitazama usoni, kisha akanyoosha kidole kwenye ngazi za ghorofa yao.

"Panda," akasema.

Nilidhani hajaelewa. Nikavuta sketi juu kidogo aone kile chuma nilichofungwa.

"Mguu wangu mbovu, Fundi."

"Nimeuona. Panda na mzigo wako mpaka ghorofa ya tatu, kisha ushuke."

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakatazama chini, na mmoja akaninong'oneza, "Panda tu dada, hapa wote tunapanda." Mimi nina hasira za karibu, sijawahi kuficha. Nikaweka boksi langu la sabuni begani, nikamtukana kwa Kichaga kuanzia ngazi ya kwanza hadi ya mwisho, nikapumzika kule juu, nikashuka nikimtukana tena. Yeye alisimama chini kabisa, kiganja juu ya chuma cha kushikia, macho kayafumba kama mtu anayesali. Nilipofika chini jasho linanitiririka, tayari alikuwa na gia ya nyuma mkononi.

"Meno ishirini na mawili," alisema. "Wewe ni wa ishirini na mawili."

Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake, na sikuwahi kuuliza. Tulimwita Fundi, na ukisema Fundi mitaa ile ya Mchafukoge hakuna aliyekuuliza fundi yupi. Alikuwa Mhindi, mwembamba, shati jeupe lenye madoa ya grisi kwenye mikono, na karakana yake ilikuwa chumba kimoja chini ya ghorofa aliyokuwa akiishi. Ukutani palikuwa na picha ya mungu wake, yenye shada la maua mabichi kila asubuhi, na chini ya picha zilining'inia gia za kila saizi.

Nieleze kidogo, maana vijana wa sasa hawajui. Zilikuwa enzi za ruhusa. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sukari na sabuni, mara milango ikafunguliwa na vitu vikamwagika Kariakoo mpaka njia hazipitiki. Bandarini yalishuka makontena ya mitumba ya kila aina, zikiwemo baiskeli kutoka Japani. Siku moja zikaja nyingine ambazo hakuna aliyezielewa. Nzito, zina kifuniko kinene pale kwenye pedeli, na ndani ya kifuniko mna mota. Betri zake zilikuwa zimekufa njiani au zilikufa kabla ya safari. Wafanyabiashara waling'oa zile mota wakazitupa, wakauza baiskeli kama baiskeli. Fundi peke yake alizunguka na kiroba akaziokota. Akatengeneza sanduku la mbao, akapanga ndani yake betri mbili za pikipiki, akaunga nyaya, na kile kitu kikazunguka. Watu walikuja kutoka Ilala yote kushangaa baiskeli inayosaidia miguu.

Lakini mota ya namna ile ina ujanja wake, na hapo ndipo wengi walipoumia. Haisukumi tairi yenyewe. Inavuta cheni ileile inayovutwa na miguu yako, kwa hiyo kila kitu kinategemea gia ya nyuma ina meno mangapi. Meno yakiwa machache, baiskeli inaruka kwenye tambarare, ila ikikutana na mwinuko na mzigo, mota inazunguka kwa shida, inapata moto, na kile kigurudumu cha plastiki kilichoko tumboni mwake kinalika. Meno yakiwa mengi unakwenda taratibu, lakini mota inazunguka kwa raha yake na mwinuko unaupanda. Fundi alilirudia somo hili kwa kila mteja, kwa sauti kubwa kama mtu anayeongea na mtaa wa pili.

"Mota haiuawi na kazi," alikuwa akisema. "Inauawa na kujikongoja."

Mimi nilihitaji mwinuko mmoja tu, ule wa kutoka bonde la Jangwani kupanda Magomeni. Baba yetu alipofariki aliacha duka la jumla, kaka akalishika, na fungu langu likawa kusambaza sabuni za miche na majani ya chai kwenye maduka madogo ya Magomeni. Kwa mguu wangu na mikokoteni ya kukodi, kila siku nilichelewa. Wenye maduka wakaanza kununua kwa wengine. Kaka hakunigombeza. Alisema tu, "Krismasi tukikaa nyumbani tutaamua." Sisi wote tunajua maana ya maneno hayo. Krismasi Wachaga tunapanda nyumbani, ukoo unakaa, na kinachoamuliwa pale hakirudi nyuma. Njia ya Magomeni ingepewa binamu yetu mwenye pikapu, nami ningerudishwa kwenye kile chumba cha karibu na mlango, nimwangalizie mama ng'ombe. Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Niliogopa kile chumba kuliko kaburi.

Zile ngazi za Fundi zilikuwa na sifa mjini, na watu walijaribu kuzihonga. Ilishajulikana kwamba anayepanda kwa nguvu anapewa meno machache, yaani mwendo, na nani Kariakoo hataki mwendo? Muuza mikate mmoja, mnene, alimleta mdogo wake mchezaji mpira apande badala yake, mwenyewe akabaki benchini anatafuna karanga. Yule kijana akapanda kama mbuzi. Fundi alifumbua macho akasema, "Huyu mguu mzuri. Sasa mwenye mikate aache karanga zake apande." Mchuuzi mwingine wa samaki alipanda na tenga lililofunikwa gunia bichi, anahema kwa kujilazimisha. "Tenga tupu," Fundi akamwambia. "Rudi na samaki." Mchuuzi kwa hasira akaenda Feri, akarudi na tenga limejaa, akapanda ghorofa tatu akidondosha maji. Ghorofa ile ilikaa familia za Kihindu tupu, zisizogusa samaki wala nyama, na wiki nzima kina mama wa kule juu walichoma ubani kwenye korido wakimlaani Fundi. Yeye alikuwa akirekebisha baiskeli ya mchuuzi kwa utulivu kabisa. Meno ishirini.

Nilijiuliza mara nyingi anasikia nini kwenye zile ngazi. Mimi mwenye masikio mazima nilisikia tu watu wanatembea.

Alikuwa na masharti mengi na hatukuyapenda. La kwanza, hukuruhusiwa kumwita. Ungekaa nyuma yake ukaita "Fundi, Fundi" mpaka koo likauke, asigeuke. Ulitakiwa kugonga meza, ndipo angeinua kichwa. Tulisema ni majivuno. La pili, ukitaka kusema naye, simama mbele yake umtazame. Siku moja mteja mmoja alikuwa anabishana naye huku akichungulia barabarani. Fundi akamshika kidevu akamgeuza kama mtoto. "Mtu anayesema na mgongo wa mwenzake hajasema kitu," alimwambia. Maneno yale tuliyachukua kama adabu za kizamani, tukawa tunatumia hata sisi dukani kwa utani.

Na lile jibu lake la salamu. Ukimwambia shikamoo, marahaba. Ukimwambia pole na kazi, marahaba. Jirani yangu wa duka alimwambia, "Fundi, leo kuna jua," akajibiwa marahaba. Tulicheka mpaka machozi.

Alikuwa na vituko vingine ambavyo sikuweza kuvipatanisha. Hakula chenye uhai, lakini kila Ijumaa alitembea mwenyewe mpaka Kivukoni kununua dagaa kwa ajili ya paka wa karakana, akirudi kifuko amekishika mbali na mwili wake kama mtu aliyebeba nyoka. Redio yake ilikuwa rafuni, imewashwa kutwa, na mara nyingi ilikuwa katikati ya stesheni mbili, inakoroma tu kama mafuta ya chapati. Nilipojitolea kuiweka sawa alinitazama akasema iko sawa. Siku ya mechi kubwa, klabu ya Jangwani ilipofunga goli, mtaa mzima ulilipuka, watu wakagonga mabati, magari yakapiga honi. Fundi hakuinua macho kwenye gololi alizokuwa anazipanga kwenye sahani. Ni pale tu vikombe vilipocheza rafuni ndipo alipouliza, "Lori?" Tukasema huyu mzee moyo wake ni jiwe.

Lakini haukuwa jiwe. Siku aliponikabidhi baiskeli, alipiga goti barabarani, akaushika ule mguu wangu wa kushoto kwa mikono miwili, akauweka kwenye pedeli. Alikata utepe wa tyubu ya zamani, akaufunga juu ya kiatu, akaujaribu mara tano: usichomoke nikikanyaga, uchomoke nikianguka. Mguu ule ulikuwa umeshikwa na madaktari, na wachungaji, na mama yangu, na wote waliushika huku nyuso zao zimekunjamana kwa huruma. Yeye aliushika kama anavyoshika kitu chochote kinachotakiwa kufanya kazi. "Wa kulia utavuta," alisema, "huu utafuata. Mota itajaza pengo." Nilitaka kulia, nikajikaza nikamwambia utepe unabana.

Meno ishirini na mawili yalinifikisha Magomeni. Sina la kusema dhidi yake. Nilipanda ule mwinuko wa kwanza na maboksi mawili nyuma, mota inavuma chini ya pedeli, na wenye maduka walitoka nje kunitazama. Wakaanza kunirudia mmoja mmoja. Tatizo lilikuwa tambarare. Kwenye tambarare miguu ilizunguka kama cherehani na baiskeli inatembea. Watoto wa shule walinipita. Kijana mmoja wa mkokoteni, mkokoteni jamani, alinipita akaniambia, "Dada, ukifika utusalimie."

Mtu ambaye amekuwa wa mwisho maisha yake yote hawezi kuelezwa habari za mota kupata moto. Nilirudi kwa Fundi, nikagonga meza, nikamtazama usoni kama anavyotaka.

"Nipunguzie meno."

"Hapana."

"Wengine umewapa kumi na sita."

"Wengine hawapandi Magomeni na sabuni. Dada, unataka kufika au unataka kuonekana?"

"Vyote viwili," nikamwambia, na sikuwa natania.

"Kwangu kuna kimoja."

Nikaenda Gerezani. Nilimkuta fundi mmoja pale asiyejua wala kujali mota ni nini, nikamwambia aweke meno kumi na manne. Yeye hakukosea chochote, alifanya nilichomwambia. Alitoa gia ya Fundi, akaweka ndogo, akakata pingili nne za cheni kwa sababu sasa ilikuwa ndefu mno. Niliiweka ile gia ya zamani kwenye mkoba wangu. Pingili nilizitupa mtaroni.

Wiki mbili nilikimbia. Nasema ukweli wa Mungu, mpaka leo nikizikumbuka zile wiki mbili mwili unasisimka. Nilikuwa sijui kwamba upepo unaweza kukupiga usoni kwa sababu yako mwenyewe. Nilimpita yule wa mkokoteni, nikageuka nikamwambia ukifika utusalimie.

Kisha ukaja mwezi wa kumi na moja na mvua zake, na maduka ya Magomeni yakaagiza mzigo wa Krismasi. Nilifunga maboksi matatu. Jangwani maji yalikuwa yameanza kutuama pembeni ya barabara. Nikaanza kupanda. Katikati ya mwinuko mota ikabadilisha sauti, ikawa inakoroma, nami nikakanyaga kwa nguvu zaidi, mjinga mimi. Nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Mota ikakwaruza, ikanyamaza. Baiskeli ikarudi nyuma, utepe wa Fundi ukachomoka kama alivyoupima, nikaangukia tope upande mmoja na maboksi upande mwingine. Mabasi yakapita juu ya sabuni, mvua ikaendelea kunyesha, na povu likateremka barabarani mpaka bondeni. Watu walicheka kwanza, ndipo wakaja kuniinua. Nilikuwa nimekaa kwenye povu, siamini.

Kaka alipata habari kabla sijafika dukani. Alitazama tu kalenda ukutani. Zilibaki wiki nne.

Sasa lije lile ambalo nimelibeba. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia Fundi. Nilirudi Gerezani kwanza, nikarudishiwa gia ya meno ishirini na mawili, na kwa kuwa pingili zangu nilizitupa, yule fundi akaunga nne mpya. Ndipo nikaikokota baiskeli mpaka Mchafukoge. Nikagonga meza.

"Imekufa," nikasema.

"Imekufaje?"

"Yenyewe tu."

Akachuchumaa. Akapitisha kidole gumba juu ya cheni, taratibu, na kidole kikasimama pale penye pingili nne zinazong'aa. Akainua macho.

"Yenyewe?"

"Yenyewe, Fundi."

Akatikisa kichwa, akanipa mgongo, akainama kufungua nati za mota. Nikamtazama ule mgongo na shati lake jeupe, mifupa inaonekana, na nikashindwa. Yote yakanitoka. Nikamwambia, "Fundi, nimekudanganya. Nilienda Gerezani. Nilitaka kukimbia, sijawahi kukimbia. Wakinirudisha nyumbani nitakufa. Nisamehe, Fundi. Na asante kwa siku ile ulivyoushika mguu wangu, sikukwambia." Nililia mpaka kamasi, mbele ya paka wake. Yeye aliendelea kufungua nati. Hakugeuka hata kidogo. Alipomaliza alisimama, akafuta mikono, akanitazama kama vile sikuwa nimesema kitu.

"Njoo kesho kutwa," akasema.

Niliondoka pale nikiwa nimeshikwa na mshangao mtakatifu. Nikajisemea, huyu ndiye mtu mzima, ameniachia nilie bila kuniaibisha, amenisamehe bila kunifanya nimtazame. Nilisimulia Kariakoo yote. Na kesho kutwa yake baiskeli ilikuwa na mota nyingine, ingawa kila mtu alijua mota zimekwisha Bongo nzima na makontena yalishaanza kuleta vitu vingine. Sikumuuliza ameitoa wapi. Nilipanda Magomeni kila siku, polepole, kwa meno ishirini na mawili. Krismasi ukoo ulipokaa, kaka alileta lile jambo, nami nikataja maduka kumi na moja yanayonisubiri Januari, jina kwa jina. Wazee wakatazamana. Magomeni ikabaki yangu, na baadaye nikafungua duka langu huko huko.

Niliendelea kumpelekea Fundi baiskeli miaka mingi. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Na wengine alitania, aliwashika kidevu, aliwacheka. Na mimi alikuwa na heshima tu. Kila nilipofika, kabla hata ya marahaba, alichuchumaa akapitisha kidole gumba kwenye cheni yangu, pingili hadi pingili, kisha akanitazama muda mrefu, kama anasubiri. Nilidhani ananijali kuliko wengine. Nilikuwa natabasamu.

Pikipiki za bei rahisi zilikuja, mota ikafa uzee wake, nikaacha kwenda. Mwaka nilioambiwa kwamba karakana imekuwa duka la vifuniko vya simu na Fundi haondoki tena ghorofani, nilikuwa nimekaribia hamsini. Nilichukua pakiti kubwa ya majani ya chai nikaenda. Nikazipanda zile ngazi, chuma cha mguu kikigonga, bila kumtukana mtu.

Mlango wa ghorofa ya tatu ulikuwa wazi. Mwanamke wa makamo alisimama pale. Nilimjua kwa sura tu, binti yake, mwalimu wa shule moja ya Kigamboni.

"Karibu dada," akasema. "Baba amesema ishirini na mawili anapanda."

"Ameniona dirishani?"

"Hajaondoka hapo alipo."

Alikuwa amekaa kwenye kiti kilichosogezwa mpaka kizingitini, mzee amekauka, shati jeupe, mkono mmoja ameunyoosha nje ya mlango, kiganja juu ya chuma cha ngazi. "Shikamoo Fundi," nikasema. Alikuwa anatazama mkono wake. Hakujibu. Nikarudia.

"Kaa mbele yake," binti akaniambia. "Baba hasikii."

"Pole. Uzee."

"Uzee gani, dada? Hasikii tangu mimi sijaanza shule."

Pakiti ya chai ilinitoka mkononi. Nilimtazama yule mwanamke nikitafuta utani usoni mwake. Hakukuwa na utani. Akanieleza kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni, kwamba baba yake alisoma midomo, kwamba nyayo zetu alizipokea kwa kiganja kwa sababu chuma kinatetemeka, na mota vilevile. Redio ilikuwa ya kutufanya sisi wateja tudhani anasikia. "Enzi zile za ruhusa kila kona ilikuwa na fundi mpya," alisema. "Nani angempa mota yake mtu asiyesikia? Alituapisha tusiseme." Nilikuwa namsikia kwa mbali. Mimi nilikuwa nimesharudi kwenye karakana, natazama mgongo umeinama juu ya nati.

"Siku ile hakusikia," nikasema.

"Siku gani?"

Nikamwambia siku gani. Binti akaniangalia upya, kuanzia kiatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Mota yangu ndiyo aliyokupa. Aliing'oa kwenye baiskeli yangu usiku nimelala. Nilienda kivukoni kwa miguu miaka miwili. Nilimuuliza kwa nini, akasema kuna mwanamke mwongo asiye na shukrani, lakini ana mlima wa kupanda."

Nilikaa kwenye kiti kilichokuwa mbele ya Fundi. Miaka ishirini alinihesabu hivyo. Miaka yote niliyompelekea baiskeli alipitisha kidole kwenye ile cheni akinipa nafasi ya kusema, nami nilikuwa namchekea. Nikagonga mkono wa kiti chake. Akainua macho.

"Fundi," nikasema polepole, midomo nikiifungua vizuri. "Nilikudanganya. Nilienda Gerezani nikaweka kumi na manne."

"Pingili nne mpya," akasema kwa sauti ileile kubwa. "Nilikuwa nasubiri useme."

"Nilisema, Fundi. Siku ileile. Ulikuwa umeinama."

Akaukodolea macho mdomo wangu. Akaniashiria nirudie, nikarudia. Akamgeukia binti yake, binti akatikisa kichwa kukubali. Sijawahi kuona uso wa mtu ukishtuka taratibu namna ile, kama chumba kinachofunguliwa dirisha moja moja.

"Uliniambia mgongoni," alisema.

"Yote. Na asante pia. Nililia, paka wako shahidi."

Kisha akaushika mkono wangu, akauweka juu ya goti lake, akaupigapiga.

"Mimi nimekusema vibaya kwa mwanangu miaka ishirini," alisema. "Nisamehe, dada."

"Kama ulijua mimi mwongo, kwa nini ulinipa mota?"

"Mguu wako ulipanda ngazi zangu bila kudanganya," akajibu. "Uliodanganya ni mdomo."

Tulikunywa chai. Binti yake alinikatalia nisiombe radhi kwa ile miaka miwili ya kivuko, kisha akaniruhusu niombe. Jioni ilipokaribia niliaga, nikimtazama usoni, neno kwa neno. Akasema marahaba. Nikaanza kushuka, nimeshika kile chuma cha ngazi. Kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza machozi yakanizidi, nikasimama, kimya kabisa, hata kupumua nilijizuia.

Sauti yake ikaanguka kutoka juu, kubwa, ghorofa nzima ikaisikia.

"Mbona umesimama? Shuka."